Baada ya Kasi ya Sauti: F-100, MiG-19 na Ndugu Zao

Kati ya Mei 1953 na Januari 1954, Marekani na Muungano wa Kisovieti zilirusha, kila moja kwa siri zake, ndege ya kivita iliyoweza kuipita kasi ya sauti ikiruka sambamba na ardhi. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kasi ya sauti yenyewe ilikuwa imekwisha kupitwa tangu Oktoba 1947, Chuck Yeager alipoirusha X-1, chombo cha majaribio chenye injini ya roketi kilichobebwa angani na ndege nyingine. Ndege kama F-86 Sabre nayo iliweza kuipita ikipiga mbizi, uzito wake ukiisaidia. Lakini rubani wa vita hawezi kupigana akielekea chini wakati wote. Alichohitaji ni ndege ya kupaa kwenye uwanja wa kawaida, kuipita kasi hiyo kwa nguvu ya injini tu, kupiga shabaha, kutua, na kesho yake kurudia yaleyale.

Wamarekani walitangulia kwa miezi kama saba. Waandishi wengi wa historia ya anga huifanya miezi hiyo kuwa kiini cha habari, nami naona inatuambia machache. Kutangulia si kufika. Linalonivutia ni kile ambacho kila utamaduni wa uhandisi ulifanya baada ya kuvuka: ulivumilia nini, ulisubiri nini, ulichoka lini. Kwa upande wa kasi, ndege hizi zilikaribiana sana. Zilikotofautiana ni katika subira ya waliozitengeneza na waliozirithi.

F-100 Super Sabre ilizaliwa katika kampuni ya North American Aviation, iliyokuwa imejijengea jina kwa F-86 katika vita ya Korea. Wahandisi wake walianza na wazo la kuiendeleza ndege hiyohiyo. Mabawa ya F-86 yalikuwa yamelazwa nyuma kwa nyuzi 35. Haya mapya yangelazwa kwa nyuzi 45, na ndiyo sababu mpango uliitwa Sabre 45. Kadiri kazi ilivyoendelea, sehemu moja baada ya nyingine ilibadilishwa hata ikawa ndege mpya kabisa. Moyo wake ulikuwa injini moja kubwa, J57 ya Pratt & Whitney, yenye mfumo wa kuchoma mafuta ya ziada katika bomba la nyuma ili kuongeza msukumo kwa dakika chache. Titani, metali nyepesi inayostahimili joto, ilitumika kwa wingi usiozoeleka wakati ule. Tarehe 25 Mei 1953 rubani George Welch aliipaisha kutoka kituo cha Edwards, jangwani California, na katika safari hiyo ya kwanza akaipita kasi ya sauti. Oktoba mwaka huohuo Frank Everest aliitumia kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 1,215 kwa saa. Miezi kumi na sita baada ya kupaa mara ya kwanza, ndege ilikuwa imeshafika kikosini.

Ofisi ya usanifu ya Artem Mikoyan na Mikhail Gurevich ilianzia mahali pengine. MiG-15 na MiG-17 zilikuwa zimeendeshwa kwa injini iliyotokana na Nene ya Rolls-Royce, ambayo serikali ya Uingereza iliwauzia Wasovieti baada ya Vita Kuu ya Pili. Injini hiyo ilikuwa nene na fupi, na upana wake ulikinzana na wembamba ambao kasi ya sauti inaudai. Jibu la Wasovieti lilikuwa injini mbili nyembamba zilizolazwa ubavu kwa ubavu, kutoka ofisi ya Alexander Mikulin, na mabawa yaliyolazwa kwa nyuzi 55. Ndege ya mfano ya mwaka 1952 haikufikia lengo kwa kukosa msukumo. Injini ziliporekebishwa na kupewa uwezo wa kuchoma mafuta ya ziada, ndege ya mfano iliyoitwa SM-9 ilipaa tarehe 5 Januari 1954 ikiwa na rubani Grigory Sedov, na ndiyo iliyoingia kikosini mwaka 1955 kwa jina la MiG-19.

Mtu akiziweka ndege hizi mbili pamoja huona mara moja fikra mbili za vita. F-100D, toleo lililotengenezwa kwa wingi kuliko mengine, ilikuwa nzito, yenye nafasi ya mafuta mengi, na iliweza kuongezwa mafuta ikiwa angani, kwa sababu Marekani ilitarajia kupigana mbali na nyumbani. MiG-19 ilikuwa na uzito mtupu uliozidi kidogo tu nusu ya ule wa mwenzake. Ilipaa kwa kasi kubwa, haikufika mbali, na haikuhitaji kufika mbali, maana kazi yake ilikuwa kulinda anga la juu ya vichwa vya wenyewe. Ya kwanza ilibeba mizinga minne ya milimita 20 inayotema risasi kwa kasi. Ya pili, katika toleo lake la MiG-19S, ilibeba mitatu ya milimita 30, risasi chache zaidi lakini kila moja ikiwa na uharibifu mkubwa. Mmarekani aliongeza uwezekano wa kupiga. Msovieti aliongeza madhara ya kila pigo. Sioni sababu ya kuiita moja kati ya hoja hizi kuwa ya kijinga.

Haraka ilizilipisha zote mbili, kila moja kwa sarafu yake. Pezi la mkia la F-100A za kwanza lilikuwa limefupishwa ili kupunguza ukinzani wa hewa. Marubani wa majaribio wa jeshi la anga waliripoti kwamba ndege haikutulia vya kutosha. Waliokuwa wakiisubiri kwa hamu vikosini waliona kasoro hizo si za kuizuia. Tatizo lilikuwa katika umbo lenyewe. Ndege za zamani zilikuwa na mabawa mapana yaliyobeba sehemu kubwa ya uzito. Hii ilikuwa na kiwiliwili kirefu kizito na mabawa mafupi. Ikizungushwa ghafla kwenye mhimili wake, ncha zake za mbele na nyuma zilitaka kutoka nje ya mstari, kama mzigo mrefu wa miwa uliofungwa kwenye baiskeli unavyomvuta mwendeshaji anapokata kona kwa kasi. Pezi refu lingezirudisha. Pezi fupi halikuweza. Tarehe 12 Oktoba 1954 Welch, rubani yuleyule wa siku ya kwanza, na mmoja wa wachache waliofanikiwa kupaa kuikabili Japani asubuhi ya Pearl Harbor, alikufa ndege yake ilipovunjika vipande angani katika zoezi la kupiga mbizi na kuivuta juu kwa nguvu. Mwezi uliofuata F-100 zote zilizuiwa kuruka. Ziliporudi, pezi lilikuwa limekuzwa na mabawa yameongezwa urefu.

Kwa MiG-19 hatari ilikuwa ndani ya tumbo. Matangi ya mafuta ya nyuma yalikuwa karibu mno na injini mbili zinazotoa joto kali, na baadhi ya ndege zilishika moto na kulipuka zikiwa angani. Dawa ilikuwa kuweka ngao ya metali kati ya injini na tangi. Kulikuwa pia na kasoro ya mkia. Matoleo ya kwanza yalitumia usukani wa kawaida wa kupandisha na kuteremsha pua, ambao hupoteza nguvu karibu na kasi ya sauti. MiG-19S ikapewa mkia wa ulalo unaogeuka wote kwa pamoja. Hapo ndipo tofauti inapopendeza kuifikiria: F-100 ilikuwa na mkia wa ulalo wa namna hiyo tangu mwanzo, huku ikikosea katika pezi la wima. Kila upande ulikuwa umelielewa nusu ya somo ambalo mwingine alikuwa akilijifunza kwa uchungu.

Namna ya kujifunza nayo ilitofautiana. Marekani iliomboleza hadharani: magazeti yaliandika, na chanzo cha ajali kikaja kufundishwa katika vyuo vya uhandisi wa anga duniani kote. Wasovieti walijifunza kwa siri, ndani ya mafaili ya viwanda na vikosi. Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuupendelea uwazi, nami naupendelea. Hata hivyo uwazi peke yake haukuiokoa F-100. Zilitengenezwa 2,294 kwa jumla, na jeshi la anga la Marekani lilizipoteza zaidi ya 800 kwa ajali katika miaka yake yote ya huduma, pamoja na mamia ya marubani. Ilitua kwa kasi kubwa. Ikipunguza mwendo kupita kiasi, ncha za mabawa yaliyolazwa zilipoteza unyanyuzi kwanza, pua ikainuka, na rubani akajikuta akihangaika na chombo kinachoyumba karibu na ardhi. Taifa tajiri liliweza kuuvumilia upotevu huo kwa sababu kulikuwa na ndege nyingine na rubani mwingine. Huo pia ni uvumilivu wa aina yake, na familia ndizo zilizoubeba.

Kisha vikaja vita na mivutano iliyozijaribu, na kasi ile iliyogharimu roho za watu ikawa haina nafasi kubwa. Injini ikichoma mafuta ya ziada, tangi huisha kwa dakika. Mabomu na matangi ya nje yakining'inia chini ya mabawa, kasi ya sauti haifikiki. F-100 iliyosanifiwa kutawala anga ikageuzwa kuwa ndege ya kushambulia ardhi: huko Ulaya ilikaa tayari na bomu la nyuklia, na Vietnam ikawa mtumishi wa kila siku wa askari wa miguu. Aprili 1965 ilikabiliana na MiG-17, ndege ya kizazi cha nyuma yake, na ushindi uliodaiwa siku ile uliorodheshwa rasmi kuwa wa kukisiwa tu. Baada ya hapo kazi yake ilikuwa ya mabomu kusini mwa nchi, ya kuongoza mashambulizi ya wengine kwa toleo la viti viwili, na ya kuwinda rada za makombora, kazi iliyofanikiwa kwa mara ya kwanza Desemba 1965. Safari zake za kivita katika vita ile zilizidi 360,000, na karibu zote zilikuwa chini ya kasi ya sauti.

MiG-19 ilikutana na kikomo kingine. Tarehe 1 Mei 1960 ndege ya upelelezi ya Marekani, U-2, iliingia anga la Kisovieti kwa kimo ambacho MiG-19 haikuweza kukifikia. Kasi ilikuwapo, kimo hakikuwapo. Kombora la ardhini ndilo lililoiangusha U-2, na katika mkanganyiko wa dakika zile kombora jingine likaipiga MiG-19 iliyokuwa ikiifuatilia na kumuua rubani wake, Sergei Safronov. Miezi miwili baadaye MiG-19 ilitimiza kazi iliyoumbiwa, ilipoiangusha ndege ya upelelezi ya RB-47 juu ya Bahari ya Barents. Lakini wakati huo viwanda vya Kisovieti vilikuwa vimekwisha kuiacha. MiG-21, nyepesi na yenye kasi mara mbili ya sauti, ilikuwa imeshika nafasi. Moscow ilichoka nayo ndani ya miaka michache tu. Washington iliendelea kuitumia F-100 hadi 1979, kwa kuihamishia katika vikosi vya akiba vya majimbo.

Kama habari ingekomea hapo, MiG-19 ingebaki mguu wa katikati kati ya ndege mbili mashuhuri. China ndiyo iliyokataa ikomee hapo. Kiwanda cha Shenyang kilipata leseni na kuirusha ndege yake ya kwanza mwaka 1958, kwa jina la J-6. Ulikuwa mwaka wa Mruko Mkubwa wa Mbele, kampeni iliyotaka kila kiwanda kipite malengo, na ukaguzi wa ubora ukaonekana kuwa kikwazo. Ndege nyingi za mwanzo hazikufaa kukabidhiwa jeshini. Mwaka 1960 wataalamu wa Kisovieti wakaondoka kwa sababu ya ugomvi wa vyama viwili vya kikomunisti. Wahandisi wa Shenyang walirudi kwenye michoro, wakatengeneza upya vifaa vya kiwandani, wakapima tena kila kipande, na mwishoni mwa 1963 toleo sahihi likaidhinishwa. Kwangu hii ndiyo sura nzito kuliko zote katika historia ya ndege hii. Kuvumbua kunasifiwa kila mahali, lakini kutengeneza kitu kilekile vizuri, mara maelfu, bila mwalimu pembeni, ni elimu isiyopungua hadhi.

Zilitengenezwa J-6 zaidi ya 3,000, na kutoka kwake ikazaliwa Q-5, ndege ya kushambulia ardhi iliyosanifiwa chini ya Lu Xiaopeng. Uingizaji hewa wa puani ukahamishiwa ubavuni, na kiwiliwili kikarefushwa kupata nafasi ya silaha. Tazama njia zilivyokutana: F-100 na J-6 zote mbili ziliishia kutafutiwa kazi ya mabomu, moja kwa kuongezewa vibebeo vya silaha chini ya mabawa, nyingine kwa kusanifiwa upya. J-6 iliendelea kutumika nchini China hadi 2010. Vietnam ya Kaskazini nayo ilipokea J-6 mwaka 1969, wakati F-100 bado zikiruka kusini. Binamu hawa wawili wa kihistoria walikuwamo katika vita moja bila kukabiliana.

Pakistan iliipokea kwa sababu nyingine. Baada ya vita ya 1965 na India, Marekani ilizuia silaha kwa pande zote mbili, na jeshi la anga lililozoea ndege za Kimarekani likalazimika kutazama mashariki. F-6, kama J-6 ilivyoitwa ikiuzwa nje, ilifika haraka na kwa bei nafuu. Marubani waliisifu kwa wepesi wa kugeuka na kwa mizinga yake; mafundi waliilalamikia injini iliyohitaji kufumuliwa kila baada ya saa chache za kuruka. Wapakistani hawakuridhika kuipokea ilivyo. Waliipa makombora ya Sidewinder kutoka Marekani na viti vya Martin-Baker vya Uingereza vya kumrusha rubani nje wakati wa hatari. Ikawa ndege iliyobuniwa Urusi, ikatengenezwa China, ikabeba kombora la Kimarekani na kiti cha Kiingereza, ikirushwa na Mpakistani. Kisha wakajenga Kamra kiwanda cha kuifumua na kuiunda upya, na kiwanda hicho kikawa sehemu ya msingi wa sekta ya ndege ya nchi hiyo. F-6 zao za mwisho zilistaafu mwaka 2002, zaidi ya miaka 40 baada ya Wasovieti kuacha kuitengeneza.

Mkondo huu ulitufikia na sisi. Jeshi la anga la Tanzania lilianza kwa mafunzo ya Wakanada katika miaka ya 1960, kisha likageukia China, katika muongo ambao reli ya TAZARA ilijengwa. Marubani walipelekwa China kusoma, na ndege zilizofuata zilikuwa za ukoo wa MiG kutoka viwanda vya Kichina, F-6 zikiwamo. Zambia nayo ilipata F-6. Kenya ilipita njia nyingine: ilinunua Hawker Hunter za Kiingereza, na mwaka 1978 ikapokea F-5 za Kimarekani, ndege ya baadaye kidogo iliyosanifiwa makusudi kwa nchi zisizotaka gharama za majitu kama F-100. Na katika miaka hiyohiyo F-100 zenyewe zilikuwa Djibouti. Ufaransa, iliyozipokea kwa msaada wa Marekani na kuwahi kuzituma kutoka Reims hadi Algeria katika vita ya ukombozi ya nchi hiyo, iliweka kikosi chake cha mwisho cha F-100 katika joto la Djibouti mwaka 1973, na kikabaki mpaka 1978, mwaka mmoja baada ya Djibouti kujitawala. Kwa hiyo pwani ya mashariki ya Afrika ilizijua koo zote mbili, moja kama mali ya dola changa iliyotafuta uhuru wa kuchagua rafiki, nyingine kama mali ya dola kongwe iliyokuwa ikiondoka polepole.

Sasa tuiweke mezani ndege ambayo haikuwahi kuwa na injini iliyostahili. Mwaka 1956 India ilimwalika Kurt Tank, msanifu wa Focke-Wulf 190, ambaye baada ya vita alikuwa amefanya kazi Argentina. Huko Bangalore, akiwa na kundi dogo la Wajerumani na wahandisi wengi vijana wa Kihindi, alisanifu HF-24 Marut. Ilipaa tarehe 17 Juni 1961, na rubani wake alikuwa Suranjan Das. Umbo lake lilikuwa la ndege ya kasi mara mbili ya sauti: jembamba, safi, lenye kiuno. Injini zake hazikuwa hivyo. Marut ilitarajia toleo jipya la Orpheus ya Uingereza lenye kuchoma mafuta ya ziada. Mradi wa injini hiyo ulisimamishwa, na India haikukubali kubeba gharama za kuukamilisha. Ikabaki na Orpheus ya kawaida, mbili ubavu kwa ubavu, na ndege iliyoumbwa kwa Mach 2 ikawa ya kusimama mlangoni pa Mach 1, yaani kasi ya sauti yenyewe.

Utafutaji wa injini uliifikisha India hadi Afrika. Misri ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa na tatizo lililogeuzwa juu chini. Huko Helwan, Willy Messerschmitt alikuwa akisanifu HA-300, ndege ndogo ya kasi ya juu, na Ferdinand Brandner wa Austria alikuwa akiitengenezea injini ya E-300. Misri ilikuwa na injini inayozaliwa. India ilikuwa na ndege na marubani wa majaribio. Mhindi Kapil Bhargava ndiye aliyeipaisha HA-300 mara ya kwanza, Machi 1964, kwa injini ya muda ya Orpheus, na Marut moja ilipelekwa Misri kuijaribu E-300 angani. Nchi mbili zisizofungamana na upande wowote zilikuwa zikijaribu kuunganisha nusu zao mbili ziwe kitu kizima. Misri iliufunga mradi mwaka 1969. Januari 1970 Suranjan Das alikufa Bangalore akiijaribu Marut yenye injini iliyoongezewa msukumo na wahandisi wa nyumbani. Welch na Das, marubani wawili wa kwanza wa ndege zao, walikufa wakizijaribu ndege za aina hiyohiyo. Mmoja akijaribu kasi ambayo tayari ipo, mwingine akiitafuta kasi iliyoahidiwa.

Vitabu vya Magharibi huiita Marut jaribio lililoshindwa. Kwa kigezo cha Mach, ndivyo. Lakini zilitengenezwa 147, na katika vita ya 1971, F-6 za Pakistan zikiwa upande wa pili wa mpaka, Marut zilishambulia kwa kuruka chini kabisa. Injini zake mbili zilizolaumiwa kwa udhaifu ziliwarudisha marubani nyumbani kwa injini moja pale ya pili ilipopigwa. Ilitulia karibu na ardhi kuliko ndege nyingi zenye kasi kuizidi. Hapa naliona fundisho la Vietnam likijirudia: F-100 ilikuwa na kasi isiyotumika, Marut ilikosa kasi ambayo kazi yake haikuidai. Tofauti ni kwamba ya kwanza ilihesabiwa kuwa ushindi wa uhandisi kwa sababu ilianza kwa rekodi, na ya pili ikahesabiwa kuwa pungufu kwa sababu ilianza kwa ahadi.

Sweden inatoa kipimo kingine. Saab 35 Draken, iliyosanifiwa na kundi la Erik Bratt na kupaa Oktoba 1955, ilikuwa na bawa la pembetatu mbili zilizoungana, umbo ambalo walilijaribu kwanza kwa ndege ndogo ya mfano. Injini haikuwa yao. Ilikuwa Avon ya Rolls-Royce, wakaitengeneza nyumbani kwa leseni na kuifungia mfumo wao wa kuchoma mafuta ya ziada. Walichokitanguliza ni sharti la mahali na la watu: ndege ipae na kutua kwenye vipande vya barabara kuu, maana viwanja vingepigwa siku ya kwanza ya vita, na ihudumiwe na vijana wa mujibu wa sheria wenye miezi michache ya mafunzo. Ikabaki kazini Sweden hadi 1998, na Austria hadi 2005. Draken nayo ilikuwa na mtego wake wa kupoteza unyanyuzi pua ikiinuka mno, na Waswidi waliwafundisha marubani kuingia katika mtego huo makusudi na kutoka.

Denmark ilizitumia zote mbili, F-100 za msaada wa Marekani na Draken ilizozinunua kutoka Sweden, katika muongo uleule na hali ya hewa ileile. Karibu theluthi ya F-100 zake zilianguka. Ni kishawishi kuhukumu papo hapo, ila haki inadai tukumbuke kwamba Draken ilifika Denmark mwaka 1970, ikiwa imekomaa, huku F-100 ikianza huko mwaka 1959, ikiwa bado mbichi. Wasanifu wa ndege moja walikuwa wametangulia gizani. Wa nyingine walipita njia iliyokwisha kuwekewa alama, nyingi kati ya hizo zikiwa zimewekwa na F-100 yenyewe. Kanuni ya ukubwa wa pezi ambayo kila msanifu wa baada ya 1954 aliifuata ilinunuliwa kwa maisha ya Welch na wenzake.

Mwishoni koo zote mbili zilifika mahali pamoja. Mamia ya F-100 zilizosalia Marekani ziligeuzwa kuwa shabaha zisizo na rubani, zikiongozwa kutoka ardhini, ili makombora mapya yajaribiwe juu yake. China ilifanya vivyo hivyo kwa J-6. Kwa ndege hizo za shabaha kasi ikawa na kazi tena, kwa sababu kombora linalosanifiwa kukimbiza ndege iendayo kwa kasi kuliko sauti halina budi kupewa ndege halisi ya namna hiyo ya kuikimbiza. India haikuwa na Marut za kutosha kwa kazi kama hiyo. Zake zilistaafu kufikia 1990, na walioijenga Bangalore walikuwa tayari kazini kwenye usanifu wa Tejas, ndege iliyopaa mwaka 2001 baada ya wao pia kuingoja kwa miaka mingi injini ya Kaveri waliyokusudia kuifunga, na hatimaye kuirusha kwa injini ya Kimarekani.